Jinsi ya kuishi Gwangalli, Busan na kufundisha Kiingereza: hatua kwa hatua, kuanzia pasipoti mpaka mfuko wa taka

Gwangalli ni mtaa wa ufukweni kwenye wilaya ya Suyeong, mjini Busan, mji wa pili kwa ukubwa Korea Kusini. Mchanga wake una urefu wa kilomita 1.4 hivi na mbele yake, baharini kabisa, limepita daraja la Gwangan lenye ngazi mbili za barabara na urefu wa zaidi ya kilomita 7, lilifunguliwa 2003, usiku linawaka taa za rangi na watu wanakaa kwenye mchanga wanalitazama tu. Ukiona picha utataka kuhamia kesho. Mimi nakuunga mkono, kwa mwalimu ni sehemu nzuri mno ya kuishi, ila naomba unielewe kitu kimoja tangu mwanzo: ufukwe panga mwisho, mkataba panga kwanza. Korea nyumba yako, viza yako, bima yako na hata ruhusa ya kuhama kazi vyote vimefungwa kwa mwajiri. Ukipata mwajiri mzuri, Gwangalli ni raha, ukipata mbaya utaliangalia lile daraja huku unawaza mshahara wako uko wapi.

HATUA YA 1: Angalia pasipoti yako, sio Kiingereza chako

Viza ya kufundisha Kiingereza inaitwa E-2 na inatolewa kwa raia wa nchi saba tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Haijalishi umesoma kwa Kiingereza tangu chekechea, wala haijalishi unakiongea vizuri kuliko huyo Mmarekani aliyekaa pembeni yako. Kwa Waswahili wenzangu wa Toronto, Minnesota, London au Johannesburg ambao mmeshachukua uraia wa huko, mlango uko wazi na endeleeni kusoma. Wa Afrika Kusini wanaongezewa sharti moja, waonyeshe barua za shule kwamba wamesoma kwa Kiingereza kuanzia darasa la saba kwenda juu.

Kama una pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo peke yake, E-2 ya Kiingereza huipati, na kiukweli inauma kwa sababu walimu wazuri tunao wengi. Njia zilizopo ni nyingine: ukiwa umeoa au umeolewa na Mkorea kuna viza ya F-6 na hiyo inakuruhusu kufanya kazi nyingi ikiwemo kufundisha, wenye shahada za juu kuna E-1 ya kufundisha chuo kikuu, na vijana wanaotaka kusoma kwanza kuna skolashipu ya serikali ya Korea, GKS, ambayo inapokea watu kutoka nchi zetu kila mwaka. Isitoshe Hankuk University of Foreign Studies wanafundisha Kiswahili ndani ya masomo yao ya Afrika, kwa hiyo mtu wa lugha aangalie na upande huo. Ila usije ukaingia kwa viza ya utalii afu ukaanza kufundisha watoto kimyakimya. Ni faini, ni kurudishwa, na ni kufungiwa kuingia tena. Na mtu yeyote anayekwambia kwenye grupu la WhatsApp kwamba atakupatia E-2 kwa pasipoti ya Kenya, tuma tu dola mia tano za kuanzia, huyo ni mwizi. Ajenti halali wa Korea analipwa na shule, mwalimu hatoi hata shilingi.

HATUA YA 2: Anza makaratasi mapema, miezi sita kabla sio mingi

Unahitaji digrii ya kwanza (ya fani yoyote) na cheti cha polisi cha ngazi ya taifa, sio cha mkoa wala cha mji. Marekani ni kile cha FBI, Kanada ni cha RCMP kwa alama za vidole, Uingereza ni ACRO, Afrika Kusini ni cha SAPS. Vyote viwili, digrii na cheti cha polisi, vipigwe muhuri wa apostili, yaani uthibitisho wa serikali kwamba hati ni halali hata nje ya nchi. Kanada walikuwa wanateseka na ubalozi miaka yote ila tangu Januari 2024 na wao wako kwenye mfumo wa apostili. Cheti cha polisi kinachakaa haraka, kikipita miezi sita hawakitaki, kwa hiyo usikichukue mapema mno, digrii ndio ianze. Mwenye digrii ya Dar, Makerere au Nairobi lakini pasipoti ya Marekani aulize ubalozi wa Korea kwa maandishi kabla hajasaini chochote, maana wanataka digrii ya chuo cha nchi hizo saba.

Ukishapata kazi, shule inapeleka makaratasi yako uhamiaji kule Korea, unapewa namba ya viza, na hiyo namba ndio unaenda nayo ubalozini kwenye nchi unayoishi. Usikate tiketi kabla ya hapo hata bosi akisema kila kitu kiko sawa.

HATUA YA 3: Chagua, hagwon au shule ya serikali

Hagwon ni tuisheni binafsi, na Korea tuisheni ni biashara kubwa ajabu, mtoto anatoka shule anaenda hagwon ya Kiingereza afu ya hesabu afu ya piano. Kazi yake kwa kawaida inaanza saa saba au saa nane mchana mpaka saa tatu au saa nne usiku, isipokuwa zile za chekechea ambazo ni asubuhi mpaka jioni. Uzuri wa hagwon ni kwamba unachagua mtaa, unajua kabisa kazi iko Namcheon au Haeundae. Ubaya wake ni kwamba kila moja ina mwenyewe, na tabia ya mwenyewe ndio tabia ya kazi.

Shule za serikali unaingia kupitia EPIK, mpango wa serikali ya Korea wa kuajiri walimu wa Kiingereza kutoka nje, ulioanza 1995. Unafanya kazi saa nane kwa siku, asubuhi mpaka jioni, vipindi visivyozidi 22 kwa wiki, likizo ni ndefu kuliko hagwon, na unafundisha pamoja na mwalimu Mkorea darasani. Intake ni mbili, ya Februari na ya Agosti, na kama hukusomea ualimu wanataka cheti cha TEFL (kozi ya kufundisha Kiingereza kwa wasiokijua) cha saa 100 au zaidi. Busan unaweza kuiomba ila wengi wanaiomba, na hata ukiipata hawakuulizi mtaa, unaweza kutupwa upande wa pili wa mji kabisa. Ushauri wangu: kama ndo mara yako ya kwanza na unajali usalama wa mshahara kuliko bahari, nenda EPIK. Kama Gwangalli ndio sababu yenyewe ya kwenda, tafuta hagwon lakini chunguza mpaka basi.

Niseme na hili kwa sababu watu wanazunguka zunguka. CV ya Korea inataka picha, na wapo mabosi wakiona mtu mweusi hawarudishi jibu. Usipoteze wiki kuwafikiria. Tuma maombi mengi, rekodi video ya dakika mbili tatu ukifundisha kitu kimoja kwa sauti tulivu na uso unaotabasamu, maana wengi wasiwasi wao ni lafudhi na video inaua huo wasiwasi kabla haujazaliwa. Mwenye hagwon aliyekuchagua akiwa ameshakuona ndiye unayemtaka.

HATUA YA 4: Soma mkataba kama unasoma hati ya kiwanja

Hapa ndo nataka ukae chini utulie, hatua zote nyingine zinarekebishika, hii hairekebishiki.

Mshahara kwanza. Kima cha chini Korea mwaka 2025 kilikuwa won (hela ya Korea) 10,030 kwa saa, ambayo kwa mwezi wa kawaida ni kama won 2,096,000, na 2026 kimepanda mpaka 10,320. Kwa hiyo mtu akikwambia kwa madaha kwamba anakupa milioni 2.1 ujue anakupa kima cha chini, tena pungufu kwa 2026. Uliza saa zote unazotakiwa kuwepo jengoni, sio vipindi tu, kuna wanaoandika vipindi 30 kumbe unakaa hapo saa 45 kwa wiki.

Pili, makato. Mwajiri wa kweli anakukata pensheni ya taifa na bima ya afya na yeye anachangia nusu. Pensheni ilikuwa asilimia 4.5 yako na 4.5 yake, kuanzia 2026 jumla imekuwa 9.5. Bima ya afya inazidi kidogo asilimia 3.5 kwa upande wako. Ukiona mkataba unasema utakatwa asilimia 3.3 tu, usifurahi! Hiyo 3.3 ni kodi ya mtu aliyejiajiri, maana yake bosi amekuandika kama kibarua ili asichangie bima wala pensheni, na siku ya kudai kiinua mgongo atasema wewe hukuwa mfanyakazi wake. Mabosi wanaolipa vizuri ni wengi na wanaozungusha watu ni wengi, hii ndio alama rahisi ya kuwatofautisha.

Tatu, kiinua mgongo chenyewe, wanaita toejikgeum: mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka uliotimiza, ni sheria, sio zawadi. Mkataba wa miezi 11 ni ujanja wa kukukwepesha hicho. Nne, idadi ya wafanyakazi. Sehemu yenye watu chini ya watano haibanwi na baadhi ya vipengele vya sheria ya kazi, kama vile likizo ya mwaka na nyongeza ya ovataimu, kwa hiyo uliza wako wangapi. Tano, ukitaka kuhama kabla ya mwaka kuisha unahitaji barua ya kuachiliwa kutoka kwa bosi, bila hiyo viza inakuwa kamba shingoni.

Mwisho, omba kuongea na mwalimu mgeni aliyepo sasa hivi, uongee naye peke yake bila bosi kusikiliza. Wakikataa, acha hiyo kazi hata kama dirisha la darasa linaangalia bahari.

HATUA YA 5: Sasa ndo mtaa

Siri ya Gwangalli ni treni. Laini ya 2 ya subway, ile ya kijani, inapita nyuma ya ufukwe na stesheni zake ni Namcheon, Geumnyeonsan, Gwangan, kisha Suyeong, Millak, Centum City, na kuendelea mpaka Haeundae na Jangsan. Kwenye mstari huo huo kuna kazi kibao: Namcheon inajulikana Busan nzima kwa hagwon zake, na Jwa-dong kule mwisho Jangsan ni mtaa wa maghorofa uliojaa watoto na hagwon. Kwa hiyo huna haja ya kazi iwe mchangani, ikiwa popote kwenye hiyo laini unaishi Gwangalli na kufika bila kubadili treni.

Nyumba ya mwalimu mara nyingi ni chumba kimoja chenye jiko na choo ndani yake, wanaita wonrum, au ofistel ambayo ni mpya kidogo na ina lifti. Hagwon inakupa nyumba au inakupa hela ya nyumba. Wakikupa hela ujue kupanga mwenyewe Korea kunataka dipoziti, ya chumba kimoja inaweza kuwa won milioni tano au kumi, inarudi ukihama ila lazima uwe nayo mkononi. Kwa mwaka wa kwanza chukua nyumba yao, omba picha na video, uliza ni dakika ngapi mpaka stesheni.

Usikae mstari wa kwanza kabisa wa bahari. Kelele za baa, Jumamosi usiku kuna onyesho la droni linajaza watu, na msimu wa vuli kuna tamasha la fataki linaloleta umati mpaka barabara zinafungwa. Panda nyuma kidogo, kati ya stesheni ya Gwangan na Geumnyeonsan, vichochoro vyenye nyumba za matofali na wamama wanaouza mboga mlangoni, pametulia, kodi ni nafuu na baharini unatembea dakika kumi hivi. Ukizidi kupanda unaingia mlimani na ngazi zake zitakuonyesha kazi ukiwa na mifuko ya soko.

HATUA YA 6: Wiki za mwanzo

Kwanza kipimo cha afya hospitalini, kifua kikuu na dawa za kulevya vimo. Halafu ndani ya siku 90 lazima ujiandikishe uhamiaji upate kadi ya ukaazi, na nafasi unaweka kwa mtandao wa HiKorea, zinajaa, weka hata wiki ya kwanza. Ofisi iko Jung-gu upande wa bandarini. Bila hiyo kadi maisha ni nusu: laini ya simu ya mkataba, akaunti kamili ya benki, kununua vitu kwenye apu, vyote vinaulizia namba ya hiyo kadi.

Kwenye simu weka KakaoTalk (bosi, wazazi, mwenye nyumba, wote wako humo), Naver Map kwa sababu ramani ya Google kule haikuongozi vizuri kwa miguu, na Papago ya kutafsiri. Jifunze kusoma Hangul, herufi za Kikorea, kabla ya kupanda ndege, wiki moja ya kukaza inatosha, menyu na vibao vinafunguka. Ukikwama na mambo ya uhamiaji piga 1345, wana wakalimani. Polisi ni 112, zimamoto na ambulensi 119.

Taka. Najua inaonekana kitu kidogo lakini majirani watakupenda au kukuchukia kwa hili. Taka za kawaida zinaingia kwenye mifuko maalumu ya wilaya, unanunua dukani, na wa Suyeong ni wa Suyeong, ukihamia Haeundae unanunua mingine. Chupa, plastiki na karatasi zinatenganishwa. Taka za chakula zina ndoo yake na zinalipiwa peke yake, majengo mengine kuna mashine unagusisha kadi inapima kilo.

HATUA YA 7: Darasani na ofisini

Mkurugenzi wa hagwon anaitwa Wonjangnim, na wewe mwite hivyo hivyo, usimwite jina lake hata kama ni mdogo wako kiumri. Kitu chochote, karatasi, kadi, kikombe, pokea na toa kwa mikono miwili, ukiinama kidogo, sisi tuliolelewa kuamkia wakubwa hii haitusumbui kabisa. Wakikualika chakula cha jioni cha kazini, na Gwangalli mara nyingi ni samaki mbichi kule Millak, nenda. Kama hunywi pombe sema mapema kwa upole na ushike soda kwa mikono miwili, wataelewa.

Watoto watakuuliza umri wako, kama umeoa, na watagusa nywele zako. Wadogo hawana ubaya, hawajaona. Nenda na picha za nyumbani, soko, ndugu, twiga pia waonyeshe lakini na magorofa ya Nairobi na Dar, ujibu mara moja darasa zima kwa sentensi fupi fupi ambazo na wao wanaweza kurudia, na hapo tayari umeshafundisha somo. Kwa wadogo fanya fonetiki kila siku kidogo, michezo, pointi, usikae. Wa sekondari wanakuja wamechoka mpaka macho mekundu, kipindi cha mitihani ya shule usiwaongezee homuwaki, waongeleshe tu, wape hata dakika tano za kusema wanachotaka bila kusahihishwa. Wengi wao hiyo ndo nafasi pekee ya siku nzima ambayo hawapewi maksi. Na tuisheni za pembeni kwa hela, nyumbani kwa mtoto, ukiwa na E-2 ni kosa kisheria, mzazi akikuomba kataa kwa heshima.

HATUA YA 8: Bahari yenyewe, msosi na ibada

Mtu wa Tanga au Lamu asidhani bahari ni ile ile. Kuogelea rasmi ni Julai na Agosti tu, kuna waokoaji na maboya, ukivuka maboya unapigiwa filimbi, na kuna siku wanaingia viwavi wa bahari, angalia tangazo kwanza. Miezi mingine watu wanapiga kasia wamesimama kwenye ubao, na wa mawimbi wanaenda Songjeong. Mwisho wa Juni mpaka Julai ni mvua na unyevu, nguo zinaota ukungu kabatini, nunua mashine ya kukausha hewa ya mkono wa pili. Agosti na Septemba ni vimbunga, Hinnamnor cha Septemba 2022 kilivunja maduka ya barabara ya ufukweni, wakisema kaa ndani kaa ndani. Baridi ya Busan ni ndogo kuliko ya Seoul na theluji ni nadra, ila upepo wa bahari unaingia mpaka mfupani, na joto linatoka sakafuni kwa gesi kwa hiyo bili ya Januari itakushtua.

Samaki hutakosa, kibua wa kuchoma na wali yuko kila mgahawa wa kawaida na ndo chakula kitakachokutuliza ukikumbuka nyumbani. Asiyekula nguruwe aulize kila supu, anaingia sehemu usizotegemea. Viungo, mchele mrefu na vyakula vya wageni wengi wanafuata Gimhae, mji wa jirani, mtaa wa Dongsang-dong. Waislamu kuna msikiti wa Al-Fatah uliofunguliwa 1980 kule Namsan-dong, karibu na stesheni ya Dusil laini ya 1, mbali kidogo lakini ukianza kazi saa nane au tisa mchana unaweza kuwahi Ijumaa na kurudi, panga na bosi mapema. Dada zangu, rasta na mafuta ya nywele bebeni vya kutosha kutoka mliko, Busan wasusi wa nywele zetu ni wa kutafuta kwa tochi.

HATUA YA 9: Ukimaliza mkataba

Miezi miwili kabla mwambie Wonjangnim kwa maandishi kama unabaki au unaondoka. Ukiondoka, Wamarekani, Wakanada na Waaustralia wanarudishiwa pensheni yote pamoja na mchango wa bosi, omba ofisi ya pensheni ukiwa na tiketi mkononi. Waingereza hawarudishiwi, wajue mapema wasije kuipigia hesabu. Funga bili ya gesi na umeme, piga picha za kila kona ya chumba. Kiinua mgongo na mshahara wa mwisho vinatakiwa kulipwa ndani ya siku 14 tangu uache kazi. Zikipita bila kuona hela, namba ya wizara ya kazi ni 1350, piga ukiwa na mkataba, taarifa za benki na slipu za mshahara, usisubiri mpaka uko uwanja wa ndege.